UZI: Kadi inasomeka kwa maana mbili? Uliza kwanza "inaangalia lini", ndipo uulize "inafanya nini"

Msomakadi

Wakuu, ubishi mwingi mezani kwenye michezo ya kadi, iwe Magic, Yu-Gi-Oh! au Pokémon, hausababishwi na neno gumu. Kila mmoja anajua "destroy" ni nini. Kinachogombanisha ni wakati: kadi inachagua lini, inahesabu lini, inakagua sharti lake mara ngapi. Watu wawili wanasoma sentensi moja, wote wanaielewa lugha, na kila mmoja yuko tayari kuapa.

Mfano wa zamani kuliko yote: kabla Magic haijatoka mwaka 1993, mtunzi wake Richard Garfield aliijaribu kwa kadi za majaribio. Ile ambayo leo ni Time Walk iliandikwa "Opponent loses next turn". Mjaribu mmoja akaelewa kwamba ikifika zamu ijayo mpinzani ameshindwa mchezo mzima. Garfield alimaanisha mpinzani anaikosa zamu yake, yaani wewe unacheza mara mbili mfululizo. Ukiyasoma maneno mawili ya mwisho kama jibu la "lini", umeshinda. Ukiyasoma kama jibu la "amepoteza nini", umepata zamu moja ya ziada.

Maneno ya kadi nitayanukuu kama yalivyochapwa, kwa kuwa ndiyo tunayobishania. Utaratibu wangu wa kusoma ni huu:

Kwanza, tafuta maandishi ya sasa ya kadi, usitegemee ya karatasi. Pili, soma alama za uandishi kabla ya maneno. Kwenye Magic, nukta pacha (:) ndiyo inayokuambia huu ni uwezo wa kulipia: kushoto gharama, kulia matokeo. Ukikuta "when", "whenever" au "at" mwanzoni, uwezo huo unajiamsha wenyewe tukio likitokea, hakuna anayeuwasha. Kwenye Yu-Gi-Oh!, kadi zilizoandikwa kwa mtindo ulioanza 2011 zina mgawanyo mkali zaidi: kabla ya nukta pacha ni sharti la kuwasha, kati yake na nukta mkato (;) ni mambo yanayofanyika wakati wa kuwasha, yaani gharama na kulenga, na baada ya nukta mkato ni yale yanayosubiri utekelezaji. Tatu, tafuta kitenzi kamili na usikibadilishe na ndugu yake. Nne, kwa kila "if", jiulize inakaguliwa lini.

Leteni kadi zinazowasumbua.

---

Zamu_ya_Pili

Shukrani mkuu. Naanza na Magic. Kadi inasema haribu kiumbe unachokilenga, halafu vuta kadi moja. Kiumbe kile hakiharibiki (kina "indestructible"). Navuta au sivuti? Na kama mpinzani amekirudisha mkononi kabla kadi yangu haijatekelezwa?

---

Msomakadi

Hayo ni maswali mawili yenye majibu tofauti, na watu huyachanganya kila mara.

Kiumbe kisichoharibika bado ni mlengwa halali. Kadi yako inatekelezwa, inafanya kila inachoweza: kuharibu kunashindikana, kuvuta kunaendelea. Unavuta.

Kiumbe kikiondoka, mlengwa wako pekee si halali tena. Kadi nzima haitekelezwi, hata sehemu ambayo haikumhusu yule kiumbe. Huvuti. Ingekuwa na walengwa wawili na mmoja tu ameondoka, kadi ingeendelea kwa yule aliyebaki, na kadi ungevuta.

Sasa badilisha maneno yawe "If you do, draw a card". Hapo kuvuta kumefungwa kwenye kitendo cha kwanza kufanyika kweli, kwa hiyo kwa kiumbe kisichoharibika huvuti.

Na kuna "When you do", ambayo ni mtego mwingine. Kadi ikisema unaweza kutoa kiumbe kafara, "when you do" piga mlengwa yeyote pointi 3, ile sehemu ya pili inakuwa uwezo mpya unaopanda kwenye staki (rundo la yanayosubiri kutekelezwa, la juu kwanza). Mlengwa unamchagua baada ya kafara, na mpinzani anapata nafasi ya kujibu akiwa ameshamjua mlengwa. Kwa "if you do" hakuna nafasi hiyo katikati.

---

Nukta_Mkato

Niongezee upande wa Yu-Gi-Oh!, maana huku viunganishi vina sheria zake na haviachwi kwa msomaji akadirie.

"A and B": vyote viwili kwa pamoja. Kimoja kikishindikana wakati wa utekelezaji, na kingine hakifanyiki.

"A also B": kila kimoja kinajitegemea. Fanya kinachowezekana.

"A, and if you do, B": kwa wakati mmoja, ila B inaitegemea A. A haiitegemei B.

"A, then B": A kwanza, B baadaye, na bila A hakuna B.

Tofauti ya hivi viwili vya mwisho watu huidharau kwa sababu vyote vina "bila A hakuna B". Tofauti ni wakati, na wakati ndio unaoua uwezo unaoanza na "When... You can". Uwezo wa namna hiyo unataka tukio lake liwe jambo la mwisho kabisa kutokea. Kadi ya mpinzani ikisema haribu monsta, "then" vuta kadi, monsta wako ameharibiwa lakini jambo la mwisho lilikuwa kuvuta. "When" yake imepitwa. Ingekuwa "and if you do", mambo yote mawili yangetokea pamoja na uwezo wako ungewaka.

Mfano unaojulikana ni Peten the Dark Clown, monsta mwenye "When... You can" ya kutumwa makaburini. Ukimtoa kama kafara ili kuita monsta mkubwa, anakwenda makaburini katikati ya shughuli, na jambo la mwisho ni yule monsta kuingia. Peten amepitwa na wakati. Akiharibiwa vitani kwa kawaida, anawaka.

---

KadiMojaTu

Kwa hiyo kila "when" kwenye Yu-Gi-Oh! inaweza kupitwa?

---

Nukta_Mkato

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoteza michezo waliyostahili kushinda. Inapitwa ile yenye "when" pamoja na "you can". Kama hakuna "you can", uwezo ni wa lazima, na wa lazima haupitwi. Na "If... You can" haipitwi pia, inasubiri shughuli iishe kisha inawaka.

Angalia basi sehemu tatu tukio linapoweza kufunikwa: likiwa gharama au kafara ya kuitia monsta, likiwa nusu ya kwanza ya "then", au likitokea kwenye kiungo cha pili au cha juu zaidi cha mnyororo (kadi zinazowashwa kujibizana). Mnyororo unatekelezwa kutoka mwisho kurudi mwanzo, kwa hiyo kilichotokea kwenye kiungo cha 2 kinafunikwa na kiungo cha 1.

---

Bi_Tafsiri

Naomba niingie hapo kwa wanaowafasiria wenzao kadi kwa Kiswahili mezani, kwa sababu tafsiri mbaya inazaa nusu ya ubishi huu.

Kiswahili kinazo silaha zote, tatizo ni sisi kuzitumia ovyo. "When" mpe -po-: "kadi hii inapotumwa makaburini". "If" mpe -ki-: "kadi hii ikitumwa makaburini". Katika mazungumzo ya kawaida tunazibadilishana bila kufikiri. Mezani msizibadilishane hata mara moja. Viunganishi navyo: "and" ni "pamoja na", "also" ni "pia", "then" ni "kisha", na "and if you do" ni "na ukifanya hivyo, papo hapo". Anayesema "na" kwa vyote vinne amefuta sheria nne kwa silabi moja.

Upande mwingine, ngeli zetu zinaondoa utata ambao lugha ya kadi inao. Sentensi yenye mchezaji, kiumbe na kadi, kisha "it" inafuata, hujui inarejea kwa nani. Kwetu "kinarudi", "inarudi" na "anarudi" haviwezi kuchanganywa, mradi usivipe viumbe vya kadi upatanisho wa a-/wa-. Mimi nasisitiza kiumbe cha kadi kibaki "kiumbe hiki kinashambulia", ili "a-" ibaki ya mchezaji peke yake. Pa kuchunga ni "-ake": "kiumbe na kadi yake" haisemi ya nani. Hapo taja kabisa: kadi ya mmiliki wa kiumbe, au kadi ya anayekiongoza. Kwenye Magic hao wawili si lazima wawe mtu mmoja. "You" kwenye kadi ni anayeiongoza sasa hivi, lakini kadi ikirudi mkononi inarudi kwa "owner", aliyekuja nayo kwenye deki yake.

---

Zamu_ya_Pili

Naomba ufafanuzi wa ile "if" inayokaguliwa mara mbili. Nimeisikia, sijaielewa.

---

Msomakadi

Chukua Felidar Sovereign. Inasema mwanzoni mwa hatua yako ya upkeep (mapema kwenye zamu, kabla ya kuvuta kadi), "if you have 40 or more life", umeshinda mchezo. Ile "if" imekaa mara tu baada ya tukio, imezungukwa na koma. Mahali hapo panaipa kazi mbili: inakaguliwa tukio linapotokea, na inakaguliwa tena uwezo unapotekelezwa.

Una 40 hatua inapoanza: uwezo unapanda staki. Mpinzani anajibu kwa kukupiga pointi 1, unabaki na 39. Ukaguzi wa pili unakataa, hakuna ushindi. Geuza: una 39 hatua inapoanza, na una kadi mkononi ya kukuongezea uhai 3. Uwezo haukuwahi kuwaka, kwa hiyo kujiongezea hadi 42 ndani ya hatua hiyo hakukusaidii. Ilibidi ujiongezee kabla, mwishoni mwa zamu ya mpinzani kwa mfano.

"If" ikiwa mwishoni mwa sentensi au katika sentensi inayofuata, inakaguliwa mara moja tu, wakati wa utekelezaji. Maneno ni yale yale, mahali ndipo panapobadilisha sheria.

---

Mlinzi_wa_Staki

Kwa anayetaka kuona uzito wa neno "until", alinganishe Oblivion Ring (2007) na Banishing Light (2014). Zote zinaondosha kitu uwanjani mpaka zenyewe zitoke. Mtu anazitumia kana kwamba ni kadi moja yenye picha mbili.

Oblivion Ring ina "when" mbili: inapoingia, ondosha; inapotoka, rudisha. Ni uwezo wawili usiongojeana. Mpinzani akiiharibu wakati ule wa kwanza bado uko kwenye staki, wa pili unakaa juu yake na kutekelezwa kwanza. Unarudisha nini? Hakuna kilichoondoshwa bado. Kisha wa kwanza unatekelezwa na kuondosha kitu moja kwa moja, na hakuna tena wa kukirudisha.

Banishing Light ni sentensi moja yenye "until". Ikiwa imeshatoka kabla uwezo haujatekelezwa, muda wa kuondosha umekwisha kabla haujaanza, kwa hiyo mlengwa haondoki kabisa. Na ikitoka baadaye, kitu kinarudi papo hapo bila kupita kwenye staki, hakuna anayeweza kujibu katikati.

---

KadiMojaTu

Mimi nina swali la vitenzi. Mpinzani ana kiumbe kimoja tu, chenye "hexproof" na "indestructible". Nikatumia Diabolic Edict. Akasema kiumbe chake hakilengwi wala hakiharibiki. Ikawaje?

---

Mlinzi_wa_Staki

Kiumbe kinakufa. Soma nani analengwa: "Target player sacrifices a creature". Umemlenga mchezaji. Na kafara si kuharibu, kwa hiyo kinga yake ya pili nayo haihusiki.

Kanuni ni kwamba kadi ya Magic inalenga pale tu ilipoandikwa "target" (au inapotumia neno la uwezo ambalo ndani yake lina kulenga, kama "equip" na "enchant" kwa kadi ya Aura inapochezwa). "Choose" hailengi. "Each" hailengi. Clone inanakili kiumbe bila kukilenga, ndiyo maana "hexproof" haiizuii.

Vitenzi vingine vya kuchunga: kupigwa "damage" na "lose life" si kitu kimoja. Kadi inayozuia "damage" haizuii kupoteza uhai kwa njia nyingine. "Draw" na "put into your hand" si kitu kimoja. Ukitafuta kadi kwenye deki na kuiweka mkononi, hujavuta, na uwezo unaosubiri "draw" hauwaki.

---

Sarafu_Kumi

Pokémon ina ndugu wa hilo, na wageni huangukia hapo hapo. Shambulio linalofanya "30 damage" kwa Pokémon aliye mbele mwenye udhaifu wa ×2 linakuwa 60. Kadi inayosema "put 3 damage counters" inaweka vihesabio vitatu vya 10 na hesabu inabaki 30. Udhaifu hauhusiki, ukinzani hauhusiki, na athari inayozuia "damage" ya mashambulio haivizuii vihesabio. Pokémon aliye kwenye benchi hapigiwi hesabu ya udhaifu wala ukinzani, hata "damage" ikiwa halisi.

---

Zamu_ya_Pili

Na zile zinazosema viumbe vyako vyote vinapata +1/+1 (nguvu na ustahimilivu) mpaka mwisho wa zamu? Kiumbe kikiingia baada ya hapo kinapata?

---

Msomakadi

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Tenganisha mambo matatu.

Kadi inayokaa uwanjani na kusema "Creatures you control get +1/+1" inaangalia kila wakati. Kinachoingia leo, kinapata leo.

Kadi unayoitumia mara moja ikasema vivyo hivyo "until end of turn" inahesabu viumbe wakati wa kutekelezwa na kufunga orodha. Kinachoingia baadaye hakipati.

Lakini kadi ya mara moja inayosema zuia "damage" yote ambayo viumbe vingefanya zamu hii haifungi orodha. Kinachoingia baadaye nacho kinabanwa. Sababu: ile ya pili inabadilisha sifa za kiumbe, hii ya tatu haimgusi kiumbe mwenyewe, inaweka sheria ya zamu.

Jirani yake ni "gets" na "becomes". Kiumbe kikipata +3/+3 kisha kadi nyingine ikasema nguvu zake za msingi ni 1/1, jibu ni 4/4, hata ukigeuza mpangilio wa kadi. Kuweka msingi huhesabiwa kabla ya kuongeza. Hiyo ni sehemu moja ambapo "ipi ilikuja kwanza" haina kazi. Ila kwenye uwezo ina kazi: kiumbe kikipoteza uwezo wote halafu kikapewa "flying", kinaruka. Kikipewa kwanza kisha kikapoteza wote, hakiruki.

---

Haki_Mezani

Ndugu zangu, mimi sikubaliani na kusoma herufi tu. Mtunzi alikuwa na nia. Maandishi ya mlazo kwenye mabano yanaieleza. Mbona hamyatumii?

---

Msomakadi

Yanasaidia kukumbuka, ila kwenye Magic hayana nguvu ya sheria, yanafupisha na kuacha mambo. Nia ya mtunzi ukiitumia mezani, kila mchezaji ataleta nia yake. Nia inapotofautiana na maandishi, watunzi hurekebisha maandishi rasmi, na ndiyo maana nimesema hatua ya kwanza ni kutafuta ya sasa.

Lightning Bolt ya 1993 imeandikwa "does 3 damage to one target". Baadaye ikawa kiumbe au mchezaji. Tangu 2018 ni "any target": kiumbe, mchezaji, "planeswalker", na tangu 2023 hata "battle" (hizi mbili za mwisho ni aina za kadi). Karatasi zote hizo ni kadi moja na zinafanya kazi moja. Vivyo hivyo, ukikuta "removed from the game", tangu 2009 ni "exile". Na usishangae kadi za kuanzia 2024 kusema "enters" tu bila "the battlefield", ni kitu kile kile.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji nia ya mtu: kadi moja ikisema unaweza na nyingine ikisema huwezi, "can't" inashinda.

---

Nukta_Mkato

Nisisahau "once per turn", maana inaandikwa kwa namna tatu na watu wanaisoma kwa namna moja.

"Once per turn" peke yake ni ya kadi ile iliyo uwanjani. Nakala ya pili ina mara yake. Kadi ikitoka na kurudi, inaanza upya.

"You can only use this effect of" ikifuatiwa na jina la kadi kwenye alama za kunukuu, ni ya jina. Nakala tatu zinagawana mara moja, na hata uwashaji ukibatilishwa umeshatumia.

"You can only activate 1" na jina, ni ya jina pia, ila uwashaji wenyewe ukibatilishwa unaruhusiwa kuwasha nyingine. Angalia basi kilichobatilishwa. Ash Blossom & Joyous Spring inabatilisha athari, haibatilishi uwashaji. Ukipigwa nayo, umeshawasha, huruhusiwi tena zamu hiyo.

---

KadiMojaTu

La mwisho kwangu. Mpinzani ana Macro Cosmos, kila kinachokwenda makaburini kinaondoshwa nje badala yake. Kadi yangu moja gharama yake ni "discard 1 card", nyingine ni "send 1 card from your hand to the GY". Refa amekubali ya kwanza na kukataa ya pili. Zote si kutupa kadi ya mkononi?

---

Nukta_Mkato

Refa yuko sahihi. "Discard" ni kuitoa kadi mkononi, popote itakapoishia, kwa hiyo gharama imelipwa hata kama kadi imeondoshwa nje. "Send to the GY" inataka ifike makaburini, na Macro Cosmos ikiwa uwanjani haiwezi kufika. Gharama isiyoweza kulipwa inamaanisha huruhusiwi hata kuiwasha kadi hiyo, kwa hiyo uliyoiwasha inarudi mahali ilipokuwa na mchezo unaendelea kutoka pale ulipokuwa.

Siku nyingine muite refa kabla hujagusa kadi. Mtajie majina kamili ya kadi zote mbili, hatua ya zamu mliyopo, na kiungo gani cha mnyororo kimeshatekelezwa. Ukiwa umeshatupa kadi na mpinzani ameshaiona, kurudisha hali ilivyokuwa ni kazi kubwa kuliko swali lenyewe.